Mzee Raba na Lebo ya Mwisho

Ndugu, jamaa na marafiki, sisi wanawe tunawasomea maisha ya baba yetu, mliyezoea kumwita Mzee Raba, jina ambalo hakuwahi kulikataa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa nne wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi kuanzia 1956 hadi 1963, ambako alisifika zaidi kwa kufungua makufuli kuliko kwa masomo. Februari 1966 aliajiriwa gereji kuosha spea, akayapenda magari ya michezo ya Kiingereza ya zamani, hasa raba zinazobeba injini na giaboksi, ambazo kwetu zote ni zilezile, lakini yeye alizitofautisha kwa nafasi ya matundu, mwinamo wa bati na ugumu wa mpira.

Alifungua duka la raba hizo tarehe 2 Julai 1979, na mwaka uliofuata alikosea. Mwalimu wa hesabu alileta gari aliloachiwa na baba yake, baba yetu akasoma mwaka kwenye kadi ya gari, akatoa raba ya giaboksi bila kuinama kutazama, kumbe giaboksi ilishabadilishwa, ikafungwa ya toleo la baadaye, matundu ya raba yakagoma kulingana. Mwalimu alirudi, akaibwaga raba kaunta, akamwambia mbele za watu kwamba amesoma karatasi, hakusoma gari. Baba aliona aibu, akaingia mwenyewe uvunguni na shati lake jeupe, na tangu hapo hakuuza raba kabla ya kuishika ya zamani mkononi. Tarehe 22 Agosti 1981 alimuoa mwalimu huyo, wakajaliwa watoto watatu, naye mama alitutangulia mwaka 2015.

Mwaka 2021 macho yalififia, kisha figo zikafuata, tukaingiwa na hofu, maana sampuli 214 za raba zilikaa rafuni bila maandishi, ujuzi wote ukiwa kichwani mwake. Kitindamimba wetu, anayeendesha duka, alizipeleka kitandani kikapu kwa kikapu, baba akazipapasa na kutaja aina na mwaka ili aziandikie lebo, huku akimtania kwa mwandiko mbaya asiouona. Jumatatu, tarehe 10 Juni 2024, ilibaki moja, ile iliyobwagwa kaunta, ambayo hatukujua kwamba aliitunza. Aliishika kwa muda mrefu, hakutaja gari wala mwaka, akasema iandikwe: mama yenu. Alifariki kesho yake, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopokezana kumsindikiza kliniki, na mafundi wenzake waliofunga gereji zao leo.

Raba hiyo haitarudi rafuni, tumeiweka mfukoni mwa shati lake jeupe tulilomvika. Pumzika kwa amani, baba, kesho duka litafunguliwa.