Mzee Célestin na Mabingobingo ya Wamaza

Tarehe 31 Desemba 1956, Mzee Célestin Lubunga, msimamizi wa malisho katika shamba letu la ng'ombe hapa Wamaza, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Alitoka Kasongo akiwa kijana mkata majani, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona bila shati lililopigwa pasi, hata zizini. Tuseme kweli, Mzee wetu hupenda kutazamwa.

Wengi mnaukumbuka mwaka ule mkaguzi wa serikali alipotazamiwa. Siku hizo malisho yalipimwa kwa urefu. Basi Mzee Célestin akatandaza samadi nene juu ya udongo, na mabingobingo, yale majani marefu ya kulisha ng'ombe, yakapanda hata mtu akipita ndani haonekani. Mkaguzi akafurahi, picha zikapigwa, na Mzee akatembea kifua mbele mpaka Kabambare.

Kikaja kiangazi. Malisho yote yakanyauka, ng'ombe wakabaki mifupa, na Bwana Mkuu wa shamba akaamua wapelekwe mbali. Shamba lingefungwa, na kila mfanyakazi angerudi kwao.

Hapo ndipo nilipomheshimu. Angeweza kulilaumu jua. Badala yake alichukua jembe, akafukua shina moja mbele ya Bwana Mkuu na sisi sote. Mizizi ilikuwa imejazana juu juu, palepale kwenye samadi, chini haikushuka. Akasema: “Kosa iko yangu, Bwana. Nililisha macho ya watu. Hii majani iko na kichwa, miguu haina.”

Akaomba nusu ya shamba apande upya, na muda wa kujaribu mpaka kiangazi kijacho tu, na Bwana Mkuu akakubali. Tukachimba mifereji ya kina mpaka mikono ikatoka malengelenge. Samadi iliyooza ikaingia chini, udongo ukafuata, kisha vipandikizi. Mvua zilipoanza majani yakatoka mafupi, nasi kwa kucheka tukayaita ndevu za Célestin. Hata mkewe, Mama Apolline, alimtania. Yeye aliendelea kupalilia, na kwa mtu yule kuchekwa ni kazi ngumu kuliko kulima.

Kiangazi kiliporudi, yale majani mafupi yakabaki kijani. Mizizi ilikuwa imeifuata samadi chini kabisa, kwenye unyevu. Ng'ombe wakanenepa na amri ya kufunga shamba ikafutwa. Tangu hapo, hapa kwetu hakuna anayesifu malisho kabla ya kufukua shina.

Tangu mwaka ule wengi wetu tumeoa hapa, tumezaa hapa, na watoto wetu wamekunywa maziwa ya ng'ombe walewale. Kama ungelisingizia jua siku ile, Mzee, leo pasingekuwa na mtu wa kukuaga Wamaza. Asante sana. Urudi salama Kasongo na Mama Apolline, Mungu akupe afya na mapumziko mema. Sisi tupo.