Mpira Uliokwama Mkononi

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Naitwa Gitonga, na leo nasema kile nilichokificha: nilikuwa mtu wa wivu.

Nilifika Birmingham kwa safari ndefu. Kutoka Meru, ambako mwalimu wa sekondari alitufundisha besiboli kwa gongo la mkaratusi, nilienda Kampala, nikalinda geti Dubai, nikafua mashuka ya hoteli Doha. Sikuweza kutulia mahali. Lakini kila nilipolala, mpira wa shule ulikuwa chini ya mto wangu, na mkono wangu ulijua kazi moja tu: kurusha.

Birmingham nilichambua taka mtaa wa Tyseley, hadi timu moja ya besiboli ikanichukua. Nikawa mrushaji wao wa kwanza kulipwa! Mdakaji alikuwa Papa Kasongo, Mkongomani. Timu nyingine zilipeana ishara za vidole. Sisi tulitamka wazi kwa Kiswahili. "Kali!" ni mpira wa kasi. "Laini!" ni wa polepole. Nani Uingereza angeelewa? Na nilipoukaza mpira kupita kiasi, alinipigia kelele, akiniita yaya, yaani kaka kwa Kiswahili cha kwao: "Yaya, achilia mupira! Unaukamata sana!"

Kisha nikamleta Kirimi, aliyesoma shule yangu ya Meru na sasa alihudumia wazee mtaa wa Great Barr. Nilimleta mimi mwenyewe! Baada ya miezi michache nafasi ya mrushaji ikawa yake. "Buda, pasha benchi joto," aliniambia, kama kijana anavyomtania mzee, "sisi tuko kazini." Wote wakacheka. Mimi nilicheka kwa meno tu.

Ndugu zangu, wivu ulinila! Kila alipopigiwa makofi niliona nimeibiwa. Nilifunga siku tatu nikiomba bega lake liume. Nilimwita Mungu anisaidie kuchukia!

Katika mechi ya mwisho wa msimu, wapinzani walileta mpigaji mpya, Abdi. Nilimjua. Ni Msomali aliyekulia Eastleigh ya kwetu, anauza nguo mtaa wa Alum Rock, na Kiswahili chake kinashinda changu. Kasongo aliposema "Laini!" nilimwona Abdi akitabasamu. Neno langu moja la kuwaonya wenzangu lingetosha. Nilinyamaza, tena kwa furaha!

Zamu yake ya kwanza, mpira ulipotelea juu ya miti. Zamu ya pili, ulirudi moja kwa moja ukampiga Kirimi kwenye kifundo cha mkono wa kurushia. Akaanguka.

Kocha akaniita. Nilichokiombea kikawa changu. Nikasimama na mpira, na vidole vikagoma kufunguka.

"Yaya, achilia!" Kasongo akapaza sauti. "Achilia!"

Neno hilo nililisikia mara nyingi likihusu mpira. Siku ile nililisikia kama linavyosemwa kanisani: mwachilie ndugu yako. Nikalia mbele ya watu! Nikauweka mpira chini, nikaenda kwenye benchi, nikapiga magoti mbele ya Kirimi.

"Nilijua Abdi anaelewa Kiswahili," nikasema. "Nilinyamaza kwa wivu."

Alinitazama, barafu mkononi. "Ulijua, buda?"

"Nilijua."

Akaikandamiza barafu kwenye kifundo. "Basi rudi ukarushe. Mwambie Kasongo atumie Kimeru."

"Hakijui."

"Basi mmekwisha."

Nikacheka huku nalia. Tulifungwa vibaya, lakini kifua changu kilikuwa chepesi kuliko siku zote.

Kirimi alipona, akarudi mahali pake. Nami nikakaa benchi msimu mzima nikimpigia makofi. Siku nyingine mikono ilikuwa mizito, sitawadanganya. Yesu aliinua mikono hiyo! Wewe unayehesabu makofi ya mwenzako, mtegemee Yeye. Usione haya kupiga magoti mbele ya uliyemwonea wivu.

Siku nilipoondoka Birmingham nisirudi tena, Kirimi alinisindikiza hadi kituo cha basi. Nikamkabidhi ule mpira wa shule. Aliupokea, akauvuta, ukakataa kutoka. Vidole vyangu vilikuwa bado vimeushika.

"Buda," akasema taratibu, "achilia."

Nikaachilia. Asante, Yesu!