Aliyekosa Vikao Vitatu

Benchi la mbele ya kibanda cha kinyozi lina mguu mmoja wa kuazima, lakini halijawahi kumwangusha mtu wala kumnyima mtu neno. Alhamisi ile jua lilikuwa limeanza kulegea, na wenye benchi walikuwa wanangoja saa ya kikao cha Klabu ya Mkono Mmoja, klabu ya kusaidia watu inayokutana kila wiki nyuma ya karakana ya mbao, na kila Jumamosi hutoka kwenda kufanya kazi. Kinyozi wanamwita Spika, kwa kuwa akinyoa anaongea, na wateja wanaoyapenda masikio yao hukaa kwa tahadhari. Pembeni yake yuko Wakili, ambaye mahakama anaijua kwa nje tu. Yeye anauza viatu vya mitumba. Anayemimina ni Mama Kahawa, naye mwanachama, mkali kuliko kahawa yake.

Ajenda ya jioni ilikuwa moja: kumfuta Mzee Taratibu, mwenye pikapu inayobeba ngazi, makopo ya rangi na wanachama wenyewe. Alikuwa amekosa vikao vitatu mfululizo bila taarifa, simu imezimwa, na sheria ya klabu haina shemeji: vikao vitatu, jina linakatwa. Sheria hiyo aliitunga Spika, na kiti cha mkuu wa msafara alichokalia Taratibu ndicho Spika alichokuwa anakitolea macho. Tusifichane, alikitaka mpaka usingizini.

Hasira nazo zilikuwa bado mbichi. Jumamosi iliyopita walikwenda kupaka rangi wodi ya wazazi kwa mkokoteni wa kukodi, na kilimani ndoo ya chokaa ikammwagikia Wakili. Alirudi mweupe hadi nyusi. Mkewe akamkaribisha kama mgeni.

— Mimi nasema kahamia klabu nyingine, alianza Wakili. Wale wa ng'ambo ya soko wana sare za bluu. Mtu mzima ukimwonyesha sare, kwisha habari yake.

— Taratibu na sare wapi na wapi, akasema Mama Kahawa. Kofia yake ile hata kunguru hawezi kuitagia.

— Ndiyo hapo sasa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Mama Kahawa aliuliza ni nani pale benchini aliyemlea mzee wa miaka sitini. Wakili akajibu kwamba methali haiulizwi umri.

— Huyo kaoa, akakata Mama Kahawa. Mara ya mwisho alichukua kahawa vikombe viwili, akaondoka navyo taratibu visimwagike. Mwanamume habebi kikombe cha pili bure.

Spika alicheka kwa pua. Alisema wenzake wanapapasa. Yeye watu anawajua kwa visogo.

— Kichwa cha Taratibu nimekinyoa miaka nenda rudi. Siku hizi kimevimba, kofia inambana. Anataka udiwani. Pikapu iko mahali imefichwa, inapakwa picha yake, na sisi ndio tutakaoshangilia.

— Simba mwenda kimya ndiye mla nyama, akaunga mkono Wakili, ambaye dakika chache nyuma alikuwa na yakini ya sare za bluu.

Wakakubaliana kwamba msaliti afutwe, tena kwa makofi. Spika alikuwa ameanza kueleza jinsi atakavyokaa mbele kwenye msafara, mkono dirishani, pale mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni na mfuko wa machungwa mkononi aliposimama mbele yao.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Karibu.

Alisema anamtafuta mzee mwenye pikapu. Uchungu wa kuzaa ulipomshika barabarani, ndiye aliyemkimbiza zahanati, na asante hakuingoja. Tangu hapo amempitia mara nyingi pale anapoegesha, hamwoni.

— Nimeambiwa nyie ndio ndugu zake. Naomba mnielekeze. Anakaa wapi?

Swali jepesi namna hiyo. Spika alifungua kinywa kwa mazoea, kikabaki wazi. Wakili alinyoosha mkono kuelekea sokoni, Mama Kahawa akaelekeza kwa mdomo upande wa reli. Wakatazamana, mkono ukashuka. Nyumba ya kila mgonjwa waliyewahi kumsaidia waliijua, hata mlango wake unavyokwama. Lakini kila Jumamosi kazi ikiisha, Taratibu ndiye aliyewarudisha wao, mmoja mmoja, akangoja mpaka afunguliwe mlango ndipo aondoke. Wa mwisho kushuka alikuwa Spika. Miaka yote hiyo ameshuka, ameaga, amefunga mlango, na hata siku moja hakugeuka kuona pikapu inakata kona gani. Aibu ilimshika, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu mzima atazame viatu vyake.

— Mwanangu, hatujui.

Mwanamke aliwaangalia mmoja mmoja, akidhani wanamtania.

— Sasa akizidiwa huko aliko, atamwita nani?

Spika alivua aproni, akafunga kibanda, akavuka barabara kwenda kumuuliza muuza mkaa kama anamfahamu mzee mmoja mwenye pikapu.