Sumaku Ilitoka Safi: Kumuaga Fundi Njagi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kulala chini ya malori ya Ushirika wa Maziwa Mema hapa Meru, fundi mkuu Salesio Njagi anastaafu leo, tarehe 30 Juni. Nimeombwa niandike wasifu wake, tena niandike mazuri tu. Sawa. Lakini zuri kuliko yote ndilo ofisi isilotaka lisomwe, na ofisi imesahau kwamba programu hii inachapishwa kwangu stoo. Kwa hiyo kaeni vizuri.

Njagi alitoka Gachoka akiwa kijana, akiilalamikia baridi ya Meru, na hadi leo anailalamikia. Tulijua amefika kwa wimbo wa kanisa anaoukosea kila asubuhi mahali palepale. Mrudishie spana chafu, utatukanwa kwa Kimbeere, lugha ya kwao, mpaka ukijue. Mimi nimegombana naye juu ya filta na gasketi kuliko nilivyowahi kugombana na mume wangu. Mafundi wazuri wa mji huu wamepitia mikononi mwake, akiwemo Kaburu, ambaye sasa ndiye msimamizi wetu wa usafiri.

Kila lori lilipobadilishwa oili, Njagi aliichuja ile ya zamani kwa kitambaa cheupe, akakitandaza juani, kisha akakipitishia sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Chenga zilizonaswa zilikuwa za chuma, na hizo alijua dawa yake. Alizoziogopa ni zile za rangi ya shaba, ambazo sumaku huziacha palepale. Hizo ni beringi zinalika ndani ya injini. Sumaku, alitufundisha, ni shahidi wa nusu.

Agosti mwaka jana, kitambaa cha lori la Ruiri kilijaa chenga za shaba. Njagi akasema lori lisitoke. Kaburu akaja, akapitisha sumaku, ikatoka safi, akatangaza mbele yetu sote kwamba hapo hakuna chuma, ni uchafu tu, oili mpya itaumaliza. Ati uchafu! Mwanafunzi wa Njagi mwenyewe, na alibakiwa na nusu ya somo. Njagi akatia ufunguo wa lori mfukoni. Kaburu akaleta ule wa akiba, akamwamuru dereva aondoke.

Lori lilifika Ruiri, likapakia maziwa, na kwenye mlima wa kurudi injini ikaanza kugonga, kisha ikakwama kabisa. Maziwa ya wakulima yakaharibikia juani. Kesho yake tangazo likabandikwa ukutani kwamba hasara ile ilitokana na uzembe wa fundi Njagi. Uzembe! Wakulima wakamzomea sokoni. Mkewe, Mama Gatwiri, aliyekaa kiti cha mbele kanisani tangu nimjue, akahamia nyuma karibu na mlango. Kaburu aliyaona hayo yote na akaliacha tangazo ukutani. Mtu anakufundisha kushika spana, nawe unamshikisha kosa lako! Inaniuma hadi leo, na sioni aibu kusema.

Nimeambiwa hayo yamepita, tusifukue. Yamepita kwa nani? Tangazo lile limebanduliwa juzi tu, kwa sababu ukuta ulikuwa unapakwa rangi ya sherehe.

Leo mtampa Njagi saa ya ukutani na kumpigia makofi. Mpigieni, anastahili. Ila kabla keki haijakatwa, tazameni meza kuu. Kitambaa kilichokunjwa hapo ndicho cha siku ile, na chenga zake zimo, nilikiweka stoo. Kando yake ni sumaku ya Njagi. Kila mgeni ajaribu kuziokota nayo. Kaburu ataanza, na Mama Gatwiri asimame karibu aone vizuri.

Baba Gatwiri, asante kwa malori yaliyofika na madereva waliorudi kwa watoto wao. Hata kwa matusi, asante. Nenda Gachoka ukaote jua ulilolililia miaka hii yote, Mungu akupe afya na shamba lizae. Na Jumapili, mwambie mama arudi kiti chake cha mbele.

Nelius Mukami, stoo