Ndege wa Shamba Moja

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwanamke aliyekaa mbele yangu kwenye basi alimwambia kijana mwenye ovaroli ya kiwanda cha saruji, "Lima shamba la baba yako msimu huu. Mbegu za mtama nitakupa."

"Shangazi, siku hizi nani anakula mtama?"

"Ndege."

Kijana alicheka. Shangazi yake hakucheka. Alieleza kwamba kijiji kizima kilipolima, ndege walitawanyika na kila shamba lilipoteza kidogo. Mwaka jana alilima peke yake, wakaja kwake wote. Alipiga debe kuwafukuza tangu alfajiri mpaka jua kuzama, akavuna kikapu kimoja. Hesabu hiyo haina kosa.

"Basi wauzie watu wa kiwanda shamba lako, uje ukae kwangu."

"Wewe na mkeo mkienda zamu, nizungumze na nani? Sufuria?"

"Kwani huko unazungumza na nani?"

"Na ndege. Nawatukana kutwa."

"Wanakujibu?"

"Kuliko wewe. Mwaka huu nikivuna kikapu kimoja tena, nimekwisha, mwanangu. Sina msimu mwingine."

Kijana alitazama nje. Vumbi la saruji lilikuwa limefunika majani ya kando ya barabara, kwa hiyo hapakuwa na mengi ya kutazama. Basi lilisimama mbele ya geti la kiwanda.

"Nitaangalia zamu zangu," alisema, akashuka.

"Hata mistari mitatu tu, ya mpakani na shamba langu!" shangazi aliita dirishani.

Kijana alimwonyesha mlinzi kitambulisho, akaingia.