Kornelia Masunga na Damu ya Ukoo

Ndugu waombolezaji, mwadila. Haya ni maisha ya Kornelia Sayi Masunga, mteknolojia wa maabara, yaliyoandikwa kama alivyotaka: kwa tarehe, na bila kumwongezea utakatifu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Septemba 1963 Mwamapalala, mahali ambapo leo ni Wilaya ya Itilima, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Masunga na Mama Philomena. Baba yake alikuwa na ng'ombe wengi na maneno machache. Alimfundisha kumtambua kila ng'ombe kwa rangi yake, na kwa rangi ya mama na bibi yake, elimu ambayo haikuwa na mtihani wa taifa lakini asiyeijua alionekana.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia 1972 hadi 1978, kisha sekondari Mwanza hadi 1982. Huko ndiko alikoonyeshwa hadubini. Mwalimu alimwekea ngozi ya kitunguu, akamuuliza anaona nini. Kitabu kilitaka aseme seli. Yeye akasema, "Naona boma kubwa, na kila chumba kina mtu mmoja amekaa." Alipewa nusu alama, na hadi anastaafu alikuwa bado anaitafuta ile nusu nyingine.

Baada ya chuo cha maabara aliajiriwa Januari 1987 hospitalini Bariadi, enzi hizo Bariadi ikiwa bado Mkoa wa Shinyanga, na akafanya kazi humo hadi Septemba 2023. Kwa miaka thelathini na sita alitazama damu za watu ambao wengine walimkwepa sokoni kwa kuogopa kwamba anajua jambo. Kwa kawaida alikuwa analijua.

Lakini kazi yake kubwa hakuifanyia hospitalini. Kaka yake, Mayala, na wifi yake, Debora, walikuwa wamezika watoto wawili, wote chini ya miaka mitano. Mwaka 1996 wa tatu, Nyamizi, mwenye miaka minne, alikuwa akivimba vidole, akilia kwa maumivu ya mifupa na kuishiwa damu. Kila alipozidiwa, familia ilifanya kama familia zetu zinavyofanya: ilimbadilisha jina, ikampa la bibi wa zamani aliyedhaniwa analitaka. Nyamizi akawa Kwandu, Kwandu akawa Minza. Na kila jina jipya liliandikiwa kadi mpya ya hospitali. Kwa hiyo mbele ya madaktari hakuwapo mtoto mmoja aliyeugua mara tatu. Walikuwapo watoto watatu, kila mmoja na malaria yake ya kwanza. Siku Kornelia alipozipanga kadi hizo mezani kwa kaka yake, alizitazama kama mtu aliyekuta ng'ombe mmoja ameuzwa mara tatu.

Jibu, hata hivyo, lilikuwa limeshapatikana. Mganga alipasua kuku, akasoma matumbo, akamtaja kuwa mchawi Shangazi Kabula, dada wa Mzee Masunga, mjane mwenye macho mekundu ya miaka mingi ya moshi wa jikoni. Ukoo ulimpa hadi mwisho wa Agosti awe ameondoka. Vijana kadhaa, ambao hawatatajwa kwa kuwa wapo hapa na mvi zao, walianza kunoa mapanga ambayo hayakuwa butu.

Mganga alitumia kuku mzima. Kornelia alitumia vichupa vinne vya damu: cha mtoto, cha Mayala, cha Debora na cha kwake mwenyewe. Alivipeleka Mwanza ndani ya chupa ya chai iliyojazwa barafu, na tarehe 31 Agosti akafika kwenye kikao cha ukoo na karatasi ya majibu. Mwenyekiti alikuwa baba yake mdogo, Maduhu.

"Mayu, mama yangu, unataka kusema mganga ni mwongo?" Maduhu aliuliza.

"Sijasema hivyo, bhabha. Yeye ameangalia kuku. Mimi nimemwangalia Mayala."

Akaeleza. Kila mtu amebeba maagizo mawili ya kutengeneza damu, moja la baba na moja la mama. Mayala ana moja zima na moja lenye kasoro. Debora vivyo hivyo. Lile zima linatosha, ndiyo maana wote wawili wanalima pamba bila kuumwa. Lakini mtoto akirithi lenye kasoro kwa baba na kwa mama, chembe zake nyekundu hujikunja kama mundu na kuziba mishipa. Ugonjwa huo unaitwa selimundu, na kwa wawili hao kila mimba ina nafasi moja kati ya nne.

"Wazima wawili wazae mgonjwa?" Maduhu alicheka. "Hiyo ya Mwanza hiyo."

"Mwaka juzi dume lako jeusi lilipanda jike jeusi. Ndama alitoka rangi gani?"

"Mwekundu."

"Nani alimloga?"

"Alogwe na nani! Bibi yake lile dume alikuwa mwekundu. Nilimnunua mwenyewe mnadani, namjua!"

"Basi, bhabha, hata Mayala ana bibi."

Kicheko kilianzia upande wa wanawake. Kikao kikaahirishwa, na katika ukoo huu kuahirisha ndiyo namna ya kukubali. Kornelia hakukiamini sana. Alihamia kwa Shangazi Kabula wiki tatu, akatangaza kwamba atakayetaka kumgusa mama huyo itabidi aanze na mtumishi wa Serikali mwenye barua halali ya likizo. Hakuna aliyejitokeza. Nyamizi alirudishiwa jina lake la kwanza, akaanza kliniki na dawa, na tangu mwaka ule daftari la maabara lilikuwa na safu aliyoichora marehemu kwa rula: Majina mengine ya mtoto. Kwa safu hiyo familia nyingi zilijua kilichokuwa kinawamaliza watoto wao.

Tarehe 28 Juni 1997 alifunga ndoa na Mwalimu Salvatory Kasmiri wa Binza, Maswa. Siku ya mahari, wajomba wakiwa zizini wanakagua ng'ombe mmoja mmoja, meno hadi kwato, bibi harusi alitokea na sindano. "Wao wanakagua ng'ombe," alisema, "mimi nakagua anayewaleta." Yeye mwenyewe alikuwa mbebaji wa selimundu na hakutaka kubahatisha. Mwalimu alinyoosha mkono. Alikutwa mzima, na ng'ombe pia. Mungu aliwajalia watoto wawili, Anna na Masunga.

Februari mwaka huu 2025 marehemu alianza kuumwa tumbo na macho yakawa ya njano. Aprili, vipimo vilionyesha saratani ya kongosho. Alimaliza kusoma karatasi ya majibu kabla daktari hajavaa miwani, akamwambia, "Usihangaike kunielezea, baba. Nieleze maumivu yatazuiwaje."

Mwezi Juni minong'ono ilianza tena: Kornelia anakauka, na Kabula, mwenye miaka tisini na tatu, bado anakula ugali. Habari zilimfikia kitandani. Aliita familia, akamkabidhi mumewe kazi hii ya wasifu. "Mmezoea kuandika 'aliugua kwa muda mrefu'," alisema. "Muda mrefu ni mlango uliofunguliwa. Mtu atapita hapo amfuate shangazi. Andikeni ugonjwa kwa jina lake, na someni kwa sauti."

Alifariki Jumanne tarehe 8 Julai 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwake Bariadi, kwa saratani ya kongosho.

Ameacha mume, Mwalimu Salvatory. Watoto wawili na mjukuu mmoja. Kaka yake Mayala na wifi yake Debora. Nyamizi, mwenye miaka thelathini na tatu, fundi cherehani, aliyeshona sare zilizovaliwa leo. Na Shangazi Kabula, aliyewekwa kiti cha mbele, mahali pa kuonwa na wote, kwa agizo la marehemu.

Cheti cha kifo anacho Mwalimu Salvatory, na kila mtu anaruhusiwa kukisoma. Imeandikwa saratani ya kongosho. Hakuna mtu aliyemuua Kornelia, na baada ya mazishi haya hakuna mtu wa kutafutwa. Mungu ampokee, na sisi tumwache alale.