Biro mbili, namba moja

Ukitoka Masisi unakuja huku kwetu Walikale, mbele ya kufika bariere ya Kashebere, kizuizi pale wanasimamisha kila mutu, utaona ubao murefu juu ya sanduku mbili za chupa za pombe, pembeni ya duka ya Mumbere. Hapo njo tunakaaka kila asubuhi. Hakuna mwenye alitutuma. Mumbere ni mutu wa Butembo, anauzisha misumari, sukari na kahawa ya termosi, na tunamwita Duane, ni kusema forodha, juu kwake kila shida ya dunia inatoka kwa bariere. Faustin ni motari, jina yake ya barabara ni Sans Frein, bila breki, na ukipanda pikipiki yake utajua mbio sababu gani. Papa Sebahire anashusha maziwa kutoka milima ya Masisi, tunamwita Ministre, waziri, juu anaongea sana na hajibu swali. Wa ine ni mimi, Védaste, wananiita Enjenieri. Nilisoma mambo ya rezo, vile mashini zinaungana, kule Goma, miezi tatu. Mwezi wa pili nilikuwa na malaria, na kile walifundisha mu ule mwezi sikijui mpaka leo.

Ilikuwa mwezi wa tatu, mwaka 2023, tarehe makumi mbili na tatu. Vita ilikuwa inazunguka milima, watu wanakimbia huku na kule, na batoto wanapotea mu njia. Asosiasio yetu kazi yake ni kuwatafutia wazazi. Ofisi zetu ni mbili, biro moja Masisi na ingine hapa, nyuma ya duka ya Mumbere, na kila biro iko na rejista yake mu mashini. Zamani lisiti, orodha ya batoto, ilikuwa inasafiri kwa karatasi, mu mufuko wa motari. Siku moja wenye bunduki wakaishika kwa bariere. Jina za batoto, na nyumba zenye wanalala. Kutoka ile siku sheria ni moja: jina haitoke mu biro kwa karatasi, wala kwa simu, wala kwa mail. Itapita mu VPN tu. VPN ni sawa barabara ya kufichama ndani ya internet, yenye inaunga rezo mbili kuwa kama nyumba moja, na mwenye kuvizia kwa njia hataona kitu. Na nani alipewa kazi ya kuichimba hiyo tuneli? Huyu mutu wa malaria.

Sans Frein akaanza, sawa kila siku.

— Enjenieri, tuneli imeamka?

— Taa iko kijani, nikasema.

— Hata mahindi yangu iko kijani. Bado sijaikula.

— Ukiita Masisi, wanaitika? Duane akauliza.

— Hapana.

— Siku ngapi sasa?

— Kumi na tisa.

Duane akanimiminia kahawa, uso wake ni wa mutu anatoa pole mu matanga.

— Mimi nilisema kitambo, hii ni bariere. Sans Frein, kutoka hapa mpaka Masisi centre kuko ngapi?

— Saba. Lakini hiyo ni hesabu ya asubuhi.

— Basi. Jina ya mutoto inafika kwa ya kwanza, wanaisimamisha: unatoka wapi, umebeba nini, acha kitu kidogo. Jina iko na mufuko? Haina. Inarudi.

— Papa Mumbere, hii inapita mu hewa, nikasema.

— Na hewa iko ya nani?

Ule mwezi wa pili, labda njo walifundisha hiyo.

— Bariere siyo shida, Sans Frein akasema. Shida ni matope. Tuneli ni tuneli, kaka. Mvua imenyesha wiki mbili. Juzi pale Nyabiondo nilisukuma pikipiki kutoka saa mbili mpaka saa sita, abiria anasukuma nyuma, mbuzi yake inatuangalia. Kama pikipiki inakwama, jina itapita wapi?

— Muko batoto, Ministre akasema. Alikuwa amekaa na bidon yake ya maziwa katikati ya magoti. Munajua kile kinafanyika mu Walikale mutu akichimba shimo? Hata shimo ya choo. Kesho yake utakuta watu makumi ine wako ndani na nyundo. Saa hii, mu tuneli ya Enjenieri, kuko watu na torchi kwa kichwa, wanatafuta coltan.

— Na wameweka bariere kwa mulango, Duane akasema.

— Njo vile.

— Kisha wakipata kitu, Sans Frein akaongeza, watagombana, na upande mumoja utafunga tuneli.

— Imekwisha kufungwa, Duane akasema. Haujasikia Enjenieri? Hawaitike.

Wote watatu wakatikisa kichwa, na roho yao ikatulia. Lakini Ministre alikuwa hajamaliza.

— Kuko jambo ingine. Ile sahani kwa mabati ya biro inatupa jina mpaka kwa satelite, si ndiyo? Na satelite inatembea. Wakati inataka kushusha jina Masisi, Masisi imekwisha kupita. Inashusha Brezili. Kule Brezili kuko mama mumoja ameshangaa, anapokea batoto wetu kila siku, hajui awapeleke wapi.

— Anawapikia, Sans Frein akasema polepole.

— Lazima. Angefanya nini?

Mimi nilikuwa ninakunywa kahawa, ninaangalia barabara. Niwaambie ukweli: sababu nilikuwa ninaijua, tangu siku nane. Na haikuwa bariere, wala matope, wala Brezili. Ilikuwa mimi.

Kila rezo inaomba namba yake. Mwanzo niliandika Masisi moja, Kashebere mbili, vile tu mutu anaandika, bila mawazo mubaya. Shefu Kasika, mukubwa wa biro yetu, akasoma juu ya bega yangu. Akaniuliza kama ninajua ukubwa wa Walikale. Akasema Masisi nzima inaweza kulala ndani yake na miguu isitoke inje. Tangu lini Walikale inafuata nyuma? Sawa, nikageuza: Kashebere moja, Masisi mbili. Asubuhi Mama Athanasie, shefu wa Masisi, akatuma mail ya kurasa mbili. Biro ilizaliwa Masisi. Kashebere ilikuwa ingali pori wakati Masisi iko na kashe, muhuri ya biro. Siku tatu wakaandikiana, na mimi katikati ninapokea kopi.

Basi nikafanya kile mutu wa huku anafanya ili watu wasigombane. Nikawapa wote wawili namba moja. Shefu Kasika alinisalimia kwa mikono yote miwili. Mama Athanasie aliandika merci. Na mimi, bure kabisa, nilitembea mu Kashebere na kifua mbele, ninasema wangeniita kwa mazungumzo ya amani.

Sasa mashini yetu ikitafuta rezo moja, inajiangalia yenyewe. Inasema rezo moja si ni hapa kwetu, nitatoka kwenda wapi? Haifike hata kwa mulango ya tuneli. Inatafuta mutoto chini ya kitanda yake yenyewe, kisha inasema hayuko. Na kutengeneza ilikuwa dakika kumi. Ilibaki tu kumwambia shefu mumoja kama yeye ni wa pili, na kwa hiyo dakika kumi niliogopa siku nane.

Mama mumoja akapanda kutoka kwa barabara, viatu mukononi, matope mpaka kwa magoti. Akatusalimia mumoja mumoja. Akauliza biro ya batoto wenye walipotea.

— Umefika, mama, nikasema. Shefu ametoka. Kaa.

Duane akamupa kikombe. Akaishika kwa mikono miwili, hakunywa.

— Mimi ni Annonciata. Natoka kambi ya wakimbizi ya Ntoto, siku mbili kwa miguu. Njo mara ya tatu ninakuja. Mwisho waliniambia nirudi leo, mashini itakuwa imekwisha kuongea na Masisi. Nina mutoto mwanamuke, Mahoro, wa miaka tisa. Wakati masasi ilianza alikuwa na ngombe, akakimbia nazo upande wa Masisi. Mimi nilikuwa na mudogo yake kwa mugongo, nikakimbia huku. Miezi mbili sasa. Mashini inasema nini?

Hakuna mwenye aliniangalia, na hiyo iliniuma kuliko kama wangeniangalia. Ministre akakohoa, akaanza kumueleza mambo ya satelite. Sans Frein akaleta yake ya matope. Mama alisikiliza yote kwa heshima, anaitika "ee, papa", na kahawa yake inapoa. Ile "ee, papa" yake njo ilinivunja.

— Mama, nikasema, siyo hivyo. Ni namba.

Nikamueleza yote. Mashefu wawili, namba moja, mashini inajitafuta yenyewe. Nilitamani anitukane. Akafikiri, kisha akauliza:

— Namba mbili inauma wapi?

— Mama?

— Kule kambini, kwa mustari ya unga, mimi niko mia mbili na kumi na ine. Sijaona kidonda. Namba mbili inauma wapi?

Duane alijifanya anatafuta kifuniko ya termosi. Kilikuwa mukononi mwake. Mimi nikasimama.

— Unaenda kumuuliza shefu? Sans Frein akaniuliza.

— Nikimuuliza shefu, huyu mama atarudi mara ya ine.

Mu biro nikamuandikia Valérie, mwenzangu wa kazi kule Masisi: "Siye tuko mbili. Geuza upande wako, utuandike mbili." Akajibu hapo hapo: "Niligeuza tangu wiki yenye ilipita. Nilikuwa ninakungojea weye." Kumbe hata Valérie alijua. Kumbe kwa wote, muoga mukubwa alikuwa mimi. Nikaandika mbili, nikazima mashini, nikaiwasha. Nikaita Masisi.

Ikaitika.

Rejista yao ikafunguka mbele yangu, yote, sawa vile iko mu chumba ya pembeni. Nikaandika Mahoro. Wakatoka wawili. Wa kwanza ni mutoto mwanaume wa miaka ine. Wa pili nilimusoma nikiwa nimesimama, kisha nikamuita mama.

— Mahoro, mwanamuke, miaka tisa. Alama ya moto kwa mukono wa kushoto. Mama yake anaitwa Annonciata. Yuko mu familia yenye ilimupokea, Masisi centre. Anakula vizuri. Anauliza habari ya ngombe.

— Soma tena, akasema.

Nikasoma tena. Akaniomba mara ya tatu, nikasoma. Akaweka kidole juu ya ile mustari, kwa skrini, akaiacha pale. Machozi ilikuwa inashuka na hakuifuta, alikuwa anacheka kidogo kidogo, anarudilia neno ngombe. Kwa mulango Duane, Sans Frein na Ministre walikuwa wamesongamana, vikombe mukononi, na mimi nilifurahi sana, niliona nimekuwa enjenieri wa kweli.

— Hii hapa ni nini? akauliza. Kidole yake ilikuwa imefika kwa mwisho wa mustari.

— Ni tarehe yenye waliandika jina yake. Tarehe ine.

— Na leo?

— Makumi mbili na tatu.

Akahesabu kwa vidole, akamaliza mukono mumoja, akarudia. Akanigeukia. Hakukuwa na hasira mu sauti yake, alikuwa anataka tu kujua.

— Hizo siku kumi na tisa, mulikuwa munafanya nini?

Tulikuwa wanaume wane mu kile chumba, na tangu asubuhi kinywa yetu ilikuwa haijapumzika.